Matundu Sita Hadi Chumbani Kwetu

Sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Mama yangu alipenda kusimulia kwamba nilikimbia kabla sijajua kutambaa, na ingawa alikuwa anatia chumvi, sikumbuki hata siku moja ya ujana wangu niliyomaliza kikombe cha chai nikiwa nimeketi. Ndiyo maana jamaa zangu kule magharibi walivunjika mbavu waliposikia kazi niliyoipata Nairobi. Nilikuwa natoboa kuta. Mtu asiyeweza kungoja ugali uive alikuwa analipwa kusimama mbele ya jiwe lile lile kutwa nzima.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa katika kikosi cha matengenezo ya nyumba za wafanyakazi wa reli, na mimi mwenyewe nilipewa chumba Makongeni. Safu yetu ilijengwa kwa mawe, kuta nene futi moja na nusu. Nje na ndani palikuwa na mawe mazuri ya kuchonga, lakini katikati wajenzi walimwaga kifusi cha kokoto na chokaa, nadhani siku waliyotaka kuwahi nyumbani. Kifusi hicho ndicho kilichotutoa jasho. Chuma kikishapita jiwe la kwanza hukutana na kokoto ngumu iliyolala upande, nacho hupenda kuikwepa. Usipokuwa macho, tundu ulilolianzia kifuani linatokea kwa jirani likiwa kiunoni.

Hatukuwa na mashine. Tulikuwa na kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa mkono wa mtu mzima, kilichochongwa meno mwisho mmoja, na nyundo ya ratili nne. Unapiga, unazungusha robo, unapiga, unazungusha robo. Kila baada ya inchi moja unachomoa, unakung'uta vumbi, unarudisha. Ili chuma kisiinuke wala kuinama tulikivika pete ya waya, legelege, katikati. Nyundo ikipiga, pete inachezacheza. Ikibaki mahali pake, uko sawa. Ikiteleza kuja kwenye ngumi yako, mkono umeshuka. Ikikimbilia ukutani, mkono umepanda. Na inchi mbili za mwisho huzitoboi kutoka upande ulioanzia. Unasukuma msumari mrefu mpaka uchomoze kidogo, unazunguka, unapiga hodi kwa jirani, halafu unamalizia kutoka kwake. Ukikosa adabu hiyo, plasta yake yote inaporomoka kwenye sufuria ya mboga.

Nilikuwa hodari. Nalisema mwenyewe kwa sababu walioniona wamekwisha. Matundu yangu yalinyooka, na mimi niliyeyatoboa nilikuwa nimejipinda kwa haraka, nikililaani jiwe, nikiilaani nyundo, nikihesabu mapigo.

Mwanzoni tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mkikuyu, mtu wa maneno machache, ambaye alinifundisha ile pete ya waya. Asubuhi moja, siku zile wakoloni walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni, askari waliuzunguka mtaa, watu wakapangwa mistari, vipande vya kitambulisho vikakaguliwa, na mwenzangu akapandishwa lori pamoja na wengine wa kabila lake, vumbi la ukuta wa jana likiwa bado kwenye nywele zake. Sikumwona tena. Tangu siku ile nilifanya kazi peke yangu, na hakuna mkubwa aliyeuliza mtu mmoja atafanyaje kazi ya wawili. Iko kazi moja ambayo mtu mmoja hawezi kabisa, nayo ni kupima kwa mpira wa maji. Mpira mrefu unajazwa maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine ncha kule, katika chumba kingine. Maji hayadanganyi. Yatasimama kimo kimoja pande zote mbili, hata sakafu iwe imepanda au imeshuka namna gani.

Sasa nimtaje mke wangu, maana habari yote hii ni yake.

Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, zote mbili akiwa Nairobi, zote mbili baada ya siku za kubeba maji. Safu nzima, na safu ya nyuma yetu, ilitegemea mfereji mmoja wa bomba uliokuwa karibu na barabara, na debe likijaa lina uzito wa kumtetemesha hata mwanamume. Mkunga wa hospitali alimwambia waziwazi kwamba akibeba tena debe, na hii itakwenda. Aliniambia na mimi, akinitazama usoni, kana kwamba mimi ndiye debe.

Utauliza kwa nini sikuyateka maji mwenyewe. Nilijaribu mara moja. Foleni ya mfereji ilikuwa ya wanawake, na mwanamume aliyesimama pale na debe alikuwa kichekesho cha wiki nzima. Walinipisha mbele kwa heshima ya kejeli, mmoja akaniuliza kama nitahitaji na kata ya kichwani. Kazini wakaniita mama fulani mpaka mwisho wa mwezi. Sikurudi tena. Nilikuwa kijana, na aibu ya namna hiyo niliiona kubwa.

Aliyetuokoa alikuwa jirani yetu, mama wa Kiswahili kutoka Mombasa, mjane, aliyepika vitumbua na kuwauzia watu wa zamu ya alfajiri. Chumba chake kilikuwa cha nne kutoka barabarani. Chetu kilikuwa cha sita, cha mwisho. Kila asubuhi alimletea mke wangu debe moja, akalitua mlangoni na kusema, "Mwanangu, maji hayo. Usinyanyue kitu." Miezi mitatu alifanya hivyo. Na wakati huohuo dada yake alikuwa mgonjwa Mombasa, barua zilikuja moja baada ya nyingine, naye alisema atakwenda huyu mtoto akishazaliwa. Mke wangu alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Kwa hiyo amri ilipokuja kwamba safu yetu itaingiziwa maji, nusura niruke. Bomba moja lingetoka barabarani, lipenye ukuta wa nje, kisha lipite kwenye kuta zote za ndani, chumba hadi chumba, na kila chumba kipate mfereji wake. Matundu sita. La sita ndilo lingeingia kwetu. Sharti lilikuwa yote yakae mstari mmoja, maana bomba la chuma halijui kupinda, na likilazimishwa kupanda na kushuka linashika hewa, maji yanakuja kwa kukohoa.

Nyapara wetu alikuwa kalasinga mzee, mwenye ndevu nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Jumatatu alikuja na mpira wake wa maji, mimi nikashika ncha moja, yeye nyingine, tukatia alama za chaki kwenye kuta tatu za kwanza. Kabla hatujafika ya nne akaja mjumbe kumwita kwenye kazi nyingine, huko mitaa ya juu, ambako paa la nyumba ya mkubwa lilikuwa linavuja. Akaukunja mpira.

"Toboa hii tatu," akaniambia. "Ile tatu ingine hapana gusa. Mimi rudi Jumatatu, sisi pima pamoja."

"Jumatatu ni mbali, fundi."

"Jumatatu ni Jumatatu," akasema, na kwenda zake na mpira.

Kufikia Jumatano mchana nilikuwa nimemaliza matundu matatu. Nikakaa. Yaani nilijaribu kukaa. Niliosha vyombo vyangu vya kazi mara mbili. Nilinoa meno ya chuma mpaka hayakuwa na cha kunolewa. Nilikwenda nyumbani nikamkuta mke wangu ameegemea ukuta, mkono mmoja mgongoni, nikatoka tena. Kila nilipotazama tumbo lile niliona siku zinatiririka. Siku tano za kungoja mpira! Mchana uleule nilichukua fito, nikaisimamisha sakafuni katika chumba cha tatu, nikaikata sawasawa na alama ya nyapara. Nikajiambia kwamba vyumba vyote vilijengwa na watu walewale, siku zilezile, kwa sakafu moja. Basi fito itasema kile ambacho mpira ungesema.

Nikapiga hodi kwa mama wa vitumbua. Nilivua viatu mlangoni, kama ilivyokuwa adabu ya nyumba yake, nikaingia. Chini palikuwa na mikeka mitatu imepandana, safi, ya ukili wa rangi, na alikuwa tayari anataka kuikunja.

"Acha tu, mama," nikasema. "Sitaiharibu."

"Hebu niitoe, bwana fundi. Vumbi hilo."

"Tandika shuka juu. Yatosha."

Ukweli ni kwamba sikutaka kungoja akunje mikeka. Na ukweli mwingine ni kwamba nilipovuka kizingiti chake mguu wangu ulipanda zaidi ya nilivyozoea. Niliuhisi wazi, kwenye unyayo mtupu. Nikadhani ni mikeka, na mikeka nikaikadiria kuwa si kitu. Nikasimamisha fito, nikatia alama. Kwa kuwa nilikwisha kuingia, nikatia alama pande zote mbili za chumba, ukuta wa nne na wa tano, nitoboe zote kutoka humohumo.

Niliwahi kutoboa vizuri, lakini sijui kama niliwahi kutoboa namna ile. Pete ya waya ilikaa mahali pake utadhani imegundishwa. Alhamisi tundu la nne likatoka. Ijumaa asubuhi likatoka la tano, katika chumba cha makapera wawili wa kazi ya kuchochea makaa kwenye injini, ambao siku zote walikuwa safarini na walikuwa wameniachia ufunguo. Mchana nikahamia chumbani kwetu, nikasimamisha fito yangu, na kufikia saa kumi, tundu la sita likawa wazi. Kila tundu peke yake lilinyooka na kulala sawa.

Nilitoka nje nikiwa mweupe kwa vumbi, nikatangaza safu nzima. Jumatatu jioni kila mtu atafungua maji ndani ya nyumba yake! Wanawake wakatoka na vijiko mikononi. Mama wa vitumbua akapiga kigelegele, akanishika mabega.

"Alhamdulillahi. Basi mwanangu hanihitaji tena. Jumapili nitapanda gari la moshi nikamwone dada yangu."

"Nenda, mama," nikamwambia. "Umefanya ya kutosha. Maji yamefika."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akisikia. Aliniangalia, akatabasamu, akaingia ndani.

Jumapili tulimsindikiza mjane mpaka barabarani. Alimwachia mke wangu ufunguo wa chumba chake ili bomba lipite, na madebe mawili ya maji ya kufikia Jumatatu jioni. Walikumbatiana muda mrefu, mpaka nikaanza kupigapiga viatu chini nikihofu atachelewa treni.

Jumatatu asubuhi nyapara alikuja na mabomba kwenye mkokoteni. Aliyaona matundu yote sita. Alivua miwani, akainama kwenye tundu la tatu, akaweka jicho. Kisha akanyoosha mgongo.

"Wewe pima na nini?"

Nikamwonyesha fito. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alikwenda kwenye chumba cha mjane, akavua viatu vyake vizito, akainua pembe ya mikeka yote mitatu, akagonga sakafu kwa kisigino. Chini yake palikuwa na simiti nyingine, laini, iliyopakwa juu ya sakafu ya zamani. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka wa mvua kubwa maji yaliingia katika chumba kile, na mume wake, kabla ya kufariki, aliinua sakafu vidole vitatu kwa mikono yake mwenyewe. Na hakuwa peke yake, wengi mtaani walifanya hivyo. Kila mtu mtaani alilijua, kasoro aliyekuwa na haraka.

"Hii sakafu ya mama," nyapara akasema. "Si sakafu ya reli."

Tundu la nne na la tano yalikuwa juu vidole vitatu kuliko mengine. Kuta mbili kurudiwa, na yale ya zamani kuzibwa. Siku mbili, labda tatu. Nilikimbia nyumbani, nikamkuta mke wangu anapepeta mchele.

"Kuna kasoro ndogo," nikamwambia kwa lugha ya kwetu. "Maji yatakuja Jumatano. Yaliyopo yanatosha?"

Akachungulia debe. "Yamebaki ya kupikia tu."

"Usiende mferejini. Nitakuletea mimi, nikimaliza ukuta wa nne. Unanisikia? Usiende."

"Nimesikia," akasema.

Na nilikusudia kweli. Namwomba anayesoma aniamini hapo, hata kama hapo ndipo sistahili. Nilirudi kwenye ukuta nikiwa nimekasirika, na hasira ikanipa nguvu. Tulipima kwa mpira, nikaanza kupiga. Saa nne nikasema nikifika katikati nitakwenda. Nikafika katikati, nikakutana na kokoto ngumu, nikasema nikiivuka hii nitakwenda. Saa saba nyapara alikwenda kula. Mimi sikula. Nilijua pia kwamba saa hizo foleni ya mfereji imejaa, na kwamba habari za fito yangu zimekwisha kuenea, na kwamba wangenicheka mara mbili. Nikasema nitakwenda jioni, foleni ikipungua.

Saa tisa hivi, mwanamke wa chumba cha pili alisimama mlangoni, ameshika kanga yake kifuani. Alisema, "Shemeji, acha nyundo." Sikumwelewa. Niliendelea kupiga mara mbili, tatu. Akaingia akanishika mkono.

Mke wangu alikuwa ameketi chini, hatua kama thelathini kutoka mferejini, debe limelala ubavu kando yake na maji yamekwisha kuingia ardhini. Wanawake walikuwa wamemzunguka kwa nguo. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni uleule uliobeba mabomba, nyapara akisukuma upande mmoja na mimi upande mwingine, na yule mzee alikuwa akilia waziwazi barabarani. Mtoto alizaliwa usiku ule. Alikuwa wa kiume. Aliishi mpaka asubuhi.

Maji yaliingia safu yetu Jumatano, kama nilivyosema. Yalikuja bila kukohoa.

Mke wangu alirudi nyumbani baada ya siku kumi. Hakunilaumu. Alipika, alifagia, alifungua mfereji na kuufunga. Mama wa vitumbua alirudi kutoka Mombasa, akaambiwa mlangoni, akakaa chini palepale na mizigo yake kichwani bado. Mimi niliomba kazi za mbali, nilitoboa kuta za watu mitaa mingine, nilitoka alfajiri na kurudi nikiwa nimechoka kiasi cha kutosema. Niliona kwamba nikisimama tu, nitasikia kitu ambacho sitaki kukisikia.

Jumapili moja alasiri hakukuwa na kazi ya kukimbilia. Nilikuwa nazunguka chumbani, dirishani, mlangoni, dirishani, ndipo maneno yakanitoka. Nilimwambia kwamba yote yalikuwa juu yangu. Kwamba laiti ningemngoja nyapara, au laiti ningechungulia kwenye tundu moja tu Ijumaa ile kabla ya kutangaza, jirani asingesafiri.

Alikuwa anashona kitambaa. Hakuinua macho.

"Mimi nilichungulia," akasema.

Nikasimama.

"Ijumaa ileile. Ulipokwenda kuoga niliinama nikatazama kwenye tundu letu. Niliona tundu linalofuata, lile la tano kwenye ukuta wa mbele, liko juu. Hata mimi nilijua bomba halitapita."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Kwa nini hakumzuia yule mama, siku mbili nzima, mpaka akapanda treni. Sauti yangu ilipanda, na nikaona aibu kwamba imepanda, lakini sikuweza kuishusha. Alingoja mpaka niliponyamaza. Akakata uzi kwa meno.

"Ulitoka kuoga ukaketi," akasema. "Hapo kwenye kiti. Ukala, ukanywa chai, ukakaa tu, ukaniuliza mtoto tutampa jina gani. Tangu tuje Nairobi sikuwahi kukuona umekaa. Nikasema, acha akae. Nitamwambia kesho. Kesho yake pia ulikuwa umekaa."